Mwenye Miguu Mingi Alipotukuta Kasumulu

Kila ninayekutana naye ananiuliza kamati ya harusi ya Lusajo inakaa lini. Wanakwaya wameniuliza, fundi viatu ameniuliza, hata jirani ambaye hatusalimiani sawasawa tangu kuku wake waingie bustanini kwangu ameniuliza. Kamati haitakaa. Nimechoka kusimulia vipande vipande mlangoni pa kanisa, kwa hiyo naandika mara moja, toka stendi ya Msamvu mpaka kurudi, na atakayeuliza tena nitampa asome.

Kazi yangu mnaijua. Nahariri vitabu vya Kiswahili, na nimekula kwa kazi hiyo tangu ujana. Pengine msilolijua ni kwamba Kinyakyusa changu chote nilikipata kwa mtu mmoja, mama yangu, jikoni, hapa hapa Morogoro. Baba aliletwa huku na kazi ya reli, akafa nikiwa mdogo, na ndugu zake sikuwahi kuwaona. Kinyakyusa kikabaki lugha yangu na mama. Nilipoanza shule, mwalimu akatufundisha kwamba maji yatokayo mawinguni yanaitwa mvua, na nakumbuka nilivyosikitika. Mama alimwita mwenye miguu mingi. Hiyo ni tafsiri yangu. Kwa Kinyakyusa chake ni neno moja tu. Akikaribia unamsikia anavyokanyaga majani ya migomba, kisha paa, na akishapita anaacha nyayo, yaani vidimbwi, ambavyo mtoto mwenye adabu havikanyagi. Nadhani nilianza kusoma vitabu kwa kutafuta neno jingine zuri kama lile.

Sasa Lusajo, mwanangu, alikutana na Atupele chuoni Mbeya. Kwao Atupele ni Kasumulu, pale mpakani. Wazazi wake walituma ujumbe kwamba kijana wamempenda, ila wanataka kujua ni wa nani. Kwa Wanyakyusa hilo si swali la kuringa. Watu waliochangia babu hawaoani, hata akiwa ni baba wa babu, kwa hiyo kabla ya mahari lazima ukoo utajwe. Mimi nilijua jina la baba yangu, basi. Jina ninalotumia kama la ukoo ni jina lake la ubatizo. Alipoajiriwa aliandikisha hilo, na jina la babu halikuingia popote. Nikamwendea mama, ambaye naishi naye, nikamwomba anitajie baba mkwe wake.

"Mimi nimtaje?" akasema.

"Mama, mzee amekufa zamani."

"Nani kakwambia heshima inazikwa?" Akaendelea kuchambua mchele. "Nenda Njisi, walikokuwa wakikaa. Waulize wanaume."

Kwetu mke hamtaji baba wa mumewe wala hamtazami usoni. Wenyewe husema ukutila, yaani kuogopa. Nililijua hilo juu juu, kama anavyojua mambo mtu aliyeyasoma. Nikafunga begi.

Msamvu hadi Uyole

Basi liliondoka vizuri, likapita Mikumi vizuri, na wote tukaanza kumsifu dereva, jambo ambalo halifai kufanywa kabla ya Kitonga. Katikati ya mlima likaanza kutoa moshi. Tukashuka, tukakaa kando ya barabara tukiangalia malori yanavyopanda kwa taabu, na utingo akatuambia fundi yuko njiani. Fundi huyo alikuwa njiani kwa muda mrefu.

Karibu yangu alikaa mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge, akitokea Kariakoo kurudi kwake Kasumulu. Alikuwa na mfuko wa vitunguu alivyonunua Ruaha Mbuyuni na mahindi ya kuchoma, akanigawia hindi bila kuniuliza. Nilipomsikia akiongea na simu kwa Kinyakyusa, nikaona nijaribu changu. Wingu lilikuwa linatanda upande wa Iringa. Nikamwambia kwa Kinyakyusa tuingie ndani ya basi, mwenye miguu mingi anakuja.

Yule mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Baba, wewe unaongea kama bi harusi," akasema.

"Kwa nini bi harusi?"

"Aa, mimi nitasema nini? Marehemu bibi yangu naye alikuwa na maneno yake ya namna hiyo. Utawauliza hao unaowaendea."

Mimi nikachukulia kwamba ananisifu. Nilidhani maana yake ni kwamba Kinyakyusa changu ni cha kale, kisichochanganywa, na bi harusi ni kwa sababu ya aibu yangu ya kukisema. Nikavimba kichwa. Kuanzia pale mpaka Makambako nilikuwa natunga kichwani hotuba ya kwenda kuwashangaza watu wa Kasumulu.

Tukuyu, kisha bondeni

Uyole nilipata gari dogo la Kyela. Tukuyu tulikuta ukungu na baridi, tukanywa chai ya moto na viazi vya kuchemsha, kisha barabara ikaanza kushuka. Kila kona unavua kitu: kwanza koti, halafu sweta, na ukifika Kyela unatamani kuvua na shati. Kwenye migomba ya kandokando ya njia yameanikwa majamvi ya mpunga na kakao, na kakao inayochachuka ina harufu ya siki ambayo iliingia garini na haikutoka.

Stendi ya Kyela alinipokea mshenga wetu, Mwalimu Gwakisa, mstaafu ambaye Lusajo alipewa na mchungaji wa huko. Ni mtu mrefu, mpole, na hasemi sentensi moja kama mbili zinapatikana. Mkewe alitupikia wali na samaki aina ya mbasa. Mimi nililelewa kwamba kumaliza sahani ni adabu. Yeye alilelewa kwamba sahani tupu ni aibu ya mwenye nyumba. Tulikwenda hivyo, nikimaliza naye akijaza, mpaka Mwalimu akatuonea huruma sote.

"Acha kidogo, ndugu yangu," akaninong'oneza. "Hapa usipobakisha hutalala."

Nilimweleza kuhusu jina la babu. Akasema tutalipata Njisi, huko watu wanajuana mpaka kwa vikohozi.

Njisi

Tulikwenda kwa bodaboda mbili. Kila tulipouliza tulikaribishwa vizuri. "Ugonile, tata," nasalimiwa, nami naitikia, tunapewa ndizi mbivu, tunaulizwa habari za Morogoro. Tatizo lilikuwa moja. Unamtafutaje mtu usiyemjua jina? Nilisema natafuta nyumba ya baba yangu, Ambakisye, aliyekwenda kufanya kazi reli zamani. Walimu wa shule hawakumjua. Wazee wa kanisa waliwajua akina Ambakisye wengi, wote wakulima, wote walifia hapo hapo.

Mwishowe mama mmoja aliyekuwa anageuza kakao kwenye jamvi alisimama akanyoosha mgongo.

"Wa reli? Si wale wa mtoni?" akasema. "Mto Songwe ulihama, baba, na wao wakahama. Pale walipokuwa wanakaa siku hizi ni upande wa Malawi, au ni majini, sijui. Songwe haieleweki."

"Walihamia wapi?"

"Kila mtu kwa wajomba zake."

Alitupeleka tukaona. Palikuwa na matete na maji ya rangi ya udongo. Nilisimama pale nikijaribu kusikia uchungu wa kwetu, sikuusikia, na hilo ndilo lililonihuzunisha. Nikampigia mama simu.

"Mama, hapa hakuna mtu. Nitajie tu, mara moja."

"Hapana, mwanangu."

"Ni harusi ya Lusajo."

"Ningeweza ningesema," akasema, na sauti yake ilinionyesha kwamba si ukaidi. "Halipiti. Linafika hapa shingoni, halipiti."

Kasumulu

Kasumulu ni malori, wabadilisha pesa na watu wanaovuka na mizigo kichwani, wakibadili lugha katikati ya daraja kama mtu anayebadilisha bega. Kwa akina Atupele ni nyuma kidogo ya makelele hayo, nyumba ya bati yenye migomba na kisima. Baba yake, Mzee Ipyana, mtu wa rika langu, alitukaribisha sebuleni na wadogo zake wawili. Wanawake walikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Tulikula mbalaga, ndizi zilizopikwa na maharage zikalainika, na safari hii nilibakisha.

Mwalimu Gwakisa alifungua mazungumzo kwa Kiswahili kizuri sana. Alisema tumeona ua, tumefuata harufu yake, na mengine mnayoyajua. Mzee Ipyana alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ndaga, asante, Mwalimu," akasema. "Kiswahili tunacho. Tunakitumia hapo mpakani kutwa nzima, kuuzia na kununulia. Lakini mtoto haombwi kwa lugha ya dukani. Baba wa kijana hana mdomo?"

Iliniuma. Lugha ninayoikeshea ili koma ikae mahali pake, kwake ni lugha ya kupimia mchele. Lakini kwa heshima ya siku ile nikaingia na Kinyakyusa changu. Nikasema mimi ni mtoto wa Ambakisye wa Njisi, nyumba iliyochukuliwa na mto, na nikakiri kwamba jina la babu yangu silijui, mama hawezi kulitaja, na niliokwenda kuwauliza hawapo.

Wale wadogo wa Mzee Ipyana wakatazamana. Mmoja akakohoa.

"Sasa hapo, baba," akasema Mzee Ipyana kwa upole, "sisi tutampa nani binti yetu? Tunywe chai tu, turudi siku nyingine."

Kurudi siku nyingine ni namna ya watu waungwana ya kusema hapana. Nilimwona Lusajo mbele ya macho yangu, amekaa Mbeya na simu mkononi. Hapo ndipo ilipoanza kunyesha. Bati likavuma, haiwezekani mtu kuongea, tukabaki tunaangalia vikombe. Ilipopungua kidogo nilitaka kusema chochote, mradi ule ukimya uvunjike, nikasema kwa Kinyakyusa kwamba mwenye miguu mingi amefika, labda ametuletea baraka.

Kijana mmoja aliyesimama mlangoni akacheka, akajiziba. Mwalimu Gwakisa alitazama sakafu. Nikakumbuka yule mama wa vitenge, nikajua nimekosea kitu mbele ya watu.

"Nani kasema hilo?" Sauti ya mwanamke mzee ilitoka nyuma ya pazia.

"Ni mgeni, mama," akajibu Mzee Ipyana.

"Mwulize, akishapita huyo, anaacha nini?"

Mzee Ipyana alinigeukia, lakini nilikuwa nimesikia. "Nyayo," nikasema.

"Na nani anazikanyaga?"

"Mtoto asiye na adabu."

Halafu ile sauti ikauliza, chini kabisa, kama mama yangu anaitwa Subilaga na kama yu hai. Nikasema ndiye, yu hai. Nikamsikia yule bibi akilia, na wanawake wengine wakimuuliza ana nini.

Mzee Ipyana ndiye aliyenieleza, taratibu, huku akizungusha kikombe. Mke anayemwogopa baba mkwe halikwepi jina lake tu. Anakwepa na kila neno lililobeba jina hilo, na badala yake anatunga la kwake. Mvua kwa Kinyakyusa ni ifula. Katika wilaya inayonyesha kama Kyela, kulikuwa na nyumba moja tu ambayo wake zake hawakuweza kuitaja mvua.

"Mama yangu huyu aliolewa na kaka yake Ambakisye," akasema. "Alipofiwa, na mto ukaja, alituchukua akaenda kwa wajomba zetu ng'ambo, tukatumia jina lao hata tuliporudi upande huu. Ndiyo maana majina yetu hayakukutana. Mimi na wewe babu yetu ni mmoja. Aliitwa Kafula."

Ndivyo nilivyolisikia jina la babu yangu kwa mara ya kwanza maishani. Nililifurahia, siwafichi. Nilikuwa nimekaa na binamu yangu, mtoto wa baba yangu mkubwa, ana paji la uso kama langu na sikuwa nimeliona. Furaha hiyo ilidumu kwa muda wa kumeza chai. Kisha nikaelewa, naye akaniona nikielewa, na hakuna aliyesema neno la harusi tena siku ile. Mwanamume mzima nilikuwa nimeongea maisha yangu yote kama mkaza mwana, nikimwogopa babu yangu mwenyewe, na kwa kuongea hivyo nimemwonyesha kila mtu kwamba mwanangu anataka kumwoa dada yake.

Matema

Barabara ya kupanda Tukuyu ilikuwa imezibwa na tope, kwa hiyo kesho yake ndugu yangu (sasa namwita hivyo) akaamua nisiondoke bila kuliona ziwa. Tukaenda Matema, yeye, mimi na Atupele. Milima ya Livingstone inasimama pale kando ya maji bila kukuandaa. Akina mama wa Kikisi walikuwa wanapanga vyungu mchangani, kila mmoja akisifu vyake na kutokuona vya mwenzake.

Tulikula usipa, dagaa wa ziwani, wa kukaanga na ugali. Atupele aliniletea maji ya kunawa, akasita.

"Sijui nikuiteje," akasema.

"Baba mdogo," baba yake akamwambia.

"Karibu maji, baba mdogo."

Akakaa, akala na sisi, sahani moja. Angekuwa mkwe wangu, katika nyumba inayoshika mila kama ile, asingekaa hapo wala kunitazama. Alikuwa ananitazama. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti imetulia, na aliniomba kitu kimoja tu, Lusajo asiambiwe kwa simu. Nilimwahidi. Samaki sikumsikia ladha.

Mbeya

Lusajo alinisubiri stendi akiwa amevaa shati nililomnunulia kwa ajili ya siku ya kupeleka barua ya posa. Tulikaa kwenye mgahawa, nikamsimulia kama nilivyowasimulia ninyi. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Hilo neno la bibi, ulilazimika kulisema?"

"Sikujua lina nini ndani yake."

"Baba, wewe kazi yako ni Kiswahili," akasema. "Ungesema mvua tu."

Nimelifikiria jibu tangu Mbeya mpaka Morogoro, na mpaka leo. Najua kwamba ningesema mvua tungerudi nyumbani bila binti, au tungepewa binti na siku moja, watoto wakiwa wameshazaliwa, jina lingetajwa kwenye msiba fulani. Hayo yote niliyajua pale mgahawani. Lakini nilimwambia tu apande gari twende nyumbani kwa bibi yake, akapanda.

Nyumbani

Mama alisikiliza akiwa amekaa kitandani. Nilipofika kwenye nyayo alifunika uso kwa viganja.

"Tulilitunga tukicheka," akasema. "Mimi na yeye, tumeolewa karibuni, tunatwanga mpunga chini ya upenu wa paa, inanyesha na hatuwezi kusema ni nini. Yeye akatoa miguu, mimi nikatoa nyayo. Tulicheka mpaka mama mkwe akatufokea." Akamtazama Lusajo, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Sikujua, mjukuu wangu. Sikujua tunatunga nini."



Juzi jioni simu yangu iliita. Alikuwa Atupele. Alinisalimu, baba mdogo shikamoo, akasema bibi yake anataka kuongea na bibi wa huku. Nikampelekea mama simu, nikaweka sauti kubwa. Walisalimiana, wakaulizana wafu wao. Halafu yule bibi akasema amefika, yuko juu ya paa, ngoja usikie. Tukasikia akimwambia Atupele aitoe simu dirishani.

Sauti ya mvua ya Kasumulu ikajaa chumbani. Simu ilitaka kumponyoka mama, na Lusajo akasogea akamshikia sikioni. Walikaa hivyo muda mrefu, mama amefumba macho. Upande ule simu ilishikwa na Atupele, upande huu ilishikwa na Lusajo.